BUNDUKI YA URITHI: MAJESHI YA JIRANI ZETU NA HISTORIA ILIYOYAZAA
Mazungumzo katika mfululizo wa Nchi Jirani



Habari za nchi jirani zinazosomwa hapa redioni hutaja majeshi mara nyingi kuliko zinavyotaja mazao. Jeshi limeasi, jeshi limeukimbia mji, jeshi limekataa kuwafyatulia raia risasi, askari hawajalipwa mishahara yao. Msikilizaji asiye na subira hukata shauri upesi kwamba watu wa nchi ile ni wakorofi kwa maumbile yao, na wa nchi hii ni wapole kwa maumbile yao. Fikra hiyo ni ya uvivu, tena ina hatari ndani yake, kwa sababu humfanya mtu aliye salama leo adhani kwamba usalama wake ni zawadi ya kuzaliwa, na wala si kazi ya kufanywa kila siku.

Ukweli ni kwamba majeshi ya jirani zetu, na la kwetu pia, yalianzia pahali pamoja. Yaliasisiwa na watawala wa kigeni, kwa nia ya watawala hao, na kila moja lilipofikia siku ya uhuru lilikuwa na mazoea yake tayari. Katika mazungumzo haya tutaonyesha jambo moja tu: kwamba bunduki hurithiwa pamoja na shabaha yake. Nchi iliyobadilisha bendera na sare bila kuigeuza shabaha ya bunduki, bunduki hiyo iliendelea kumwelekea yule yule iliyetengenezwa kumwelekea, yaani raia.

Tuanze na chimbuko. Jeshi la Waingereza katika sehemu zetu, ambalo wazee wetu waliliita Keya, liliundwa rasmi tarehe 1 Januari, 1902, kwa kuviunganisha vikosi vya Nyasaland, vya Kenya na vya Uganda. Kwa upande wa Wajerumani, Hermann von Wissmann alikuja pwani mwaka 1889 na askari alioajiri Misri, wengi wao Wasudani, na wengine aliowachukua Msumbiji. Huko Kongo, Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa na jeshi lake lililoitwa Force Publique, ambalo askari wake wa mwanzo walitoka Unguja na Afrika ya Magharibi.

Angalieni jinsi watawala wote watatu walivyofanana katika jambo moja: kila mmoja alitafuta askari kutoka mbali. Hawakufanya hivyo kwa bahati. Askari asiyekuwa na shangazi katika kijiji hiki hasiti kukichoma moto. Asiyeijua lugha ya mji hawezi kushawishiwa na wenye mji. Na asiyekuwa na shamba katika nchi hutegemea mshahara wa bwana wake, na kwa sababu hiyo humtii bwana wake. Jeshi la namna hiyo halikuwekwa mpakani kumzuia adui. Liliwekwa bomani, likiwatazama wananchi, kazi yake ikiwa kukusanya kodi, kusimamia kazi za shuruti na kuzima upinzani. Katika vita viwili vikuu vya dunia liliitwa kwenda kupigana na wageni wengine. Vita vilipokwisha lilirudishwa kwenye kazi yake ya kawaida.

Desturi hiyo iliacha alama ambazo zinaonekana hata leo, na baadhi yake haziko kambini. Pale Kibera, katika mji wa Nairobi, mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliwapa askari wao wa asili ya Sudani ardhi ya kukaa, lakini hawakuwapa hati. Wajukuu wa askari wale, Wanubi, walikaa juu ya ardhi hiyo miaka zaidi ya mia moja wakihesabiwa kuwa wapangaji na wageni katika nchi waliyozaliwa. Ilikuwa mwaka 2017 ndipo Serikali ya Kenya ilipowapa hati ya jamii ya ekari 288. Mtawala alimleta babu kwa faida yake. Mjukuu ndiye aliyelipa deni.

Sasa twende Kongo, maana huko ndiko urithi huu ulikouma kuliko pengine pote.

Dola ya Leopold ilidumu tangu mwaka 1885 hadi 1908, na utajiri wake ulikuwa pembe za ndovu na mpira wa porini. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira, na askari wa Force Publique ndiye aliyetumwa kukidai. Risasi zilihesabiwa: askari aliyetumia risasi alitakiwa alete mkono wa aliyeuawa, ili ithibitike kwamba hakuipoteza kwa kuwinda nyama. Hivyo ndivyo mikono ya watu, hata ya walio hai, ilivyokatwa na kujazwa vikapuni. Serikali ya Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908 iliyapunguza maovu hayo, lakini jeshi lilibaki lile lile na umbile lake. Ndilo jeshi lililoingia Tabora mwezi Septemba, 1916, na wazee wa Tabora waliwasimulia wajukuu wao habari zake.

Uhuru wa Kongo ulipowadia tarehe 30 Juni, 1960, Force Publique ilikuwa na askari wapatao 25,000. Maofisa wake, wapatao 1,000, wote walikuwa Wabelgiji. Hapakuwa na ofisa wa Kiafrika hata mmoja. Tarehe 5 Julai kamanda wake, Jenerali Janssens, aliwakusanya askari, akawaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Bwana huyo hakuwa akifanya mzaha, alisema alichoamini. Askari waliwaona wenzao wa uraiani wamekuwa mawaziri na wabunge, nao wakaambiwa kwamba kwao hakuna kilichobadilika. Siku ile ile jeshi likaasi, kwanza Leopoldville na Thysville, kisha nchi nzima.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi ya moto wa kiangazi. Tarehe 10 Julai askari wa miavuli wa Ubelgiji waliingia bila kuombwa. Tarehe 11 Julai jimbo la Katanga, lenye shaba na kampuni kubwa ya Union Minière, lilitangaza kujitenga, likilindwa na maofisa wa Kibelgiji na baadaye na mamluki. Serikali ya Patrice Lumumba ilijikuta na nchi isiyo na jeshi, na jeshi lisilo na maofisa. Katika haraka ya kujaza nafasi hizo, Joseph Mobutu, aliyekuwa sajini wa Force Publique na baadaye mwandishi wa magazeti, alifanywa mkuu wa utumishi wa jeshi. Tarehe 14 Septemba mwaka huo huo aliwasimamisha wanasiasa wote. Tarehe 17 Januari, 1961, Lumumba aliuawa Katanga, baada ya kukamatwa na askari wa Mobutu na kukabidhiwa kwa maadui zake. Tarehe 24 Novemba, 1965, Mobutu aliitwaa nchi yote, akaishika kwa zaidi ya miaka 31.

Ndugu wasikilizaji, mtu anaweza kuuliza: mbona Mobutu alikuwa Mwafrika, na jeshi lake liliongozwa na maofisa Waafrika? Je, urithi haukuwa umekatwa? Haukukatwa. Ngozi ya ofisa ilibadilika, kazi ya jeshi haikubadilika. Lilibaki jeshi la kumlinda mtawala dhidi ya wananchi, na mtawala huyo aliliogopa. Kwa kuliogopa, aliligawa. Vikosi vya kumlinda yeye mwenyewe vilipewa silaha na mishahara; vikosi vingine viliachwa vijitafutie riziki kwa raia. Mwezi Septemba, 1991, na tena Januari, 1993, askari wasiolipwa waliupora mji mkuu wao wenyewe, Kinshasa. Askari aliyezoezwa kwa miaka mia moja kumtazama raia kama ghala la kukusanyia, siku ya njaa huliendea ghala hilo.

Matokeo yalionekana mwaka 1996. Wapinzani wa Laurent Kabila, wakisaidiwa na majeshi ya Rwanda na Uganda, waliingia kutoka mashariki, na jeshi la Mobutu likarudi nyuma mji baada ya mji, likipora linapopita. Tarehe 17 Mei, 1997, Kinshasa ikaanguka. Jeshi lililojua kuwatisha wanakijiji halikujua kulinda mpaka, kwa maana hiyo haikuwa kazi lililoundiwa. Na tangu hapo mashariki ya Kongo haijapata amani ya kudumu. Kila mapatano ya amani yaliingiza waasi wa jana katika jeshi la leo, pamoja na makamanda wao na njia zao za kujilipa. Na baadhi yao walirudi msituni tena. Mwezi Januari, 2025, mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, kama walivyouteka mwezi Novemba, 2012.

Haya si mambo ya kusoma tu. Mwaka 2013 vijana wetu walikwenda huko pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, chini ya Umoja wa Mataifa, wakashiriki kuwashinda M23 mwaka huo. Mwezi Desemba, 2017, pale Semuliki, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la usiku mmoja. Mama aliyempoteza mwanawe Semuliki alilipa sehemu ya hesabu iliyofunguliwa na Leopold kabla bibi yake hajazaliwa. Ndiyo maana askari anapaswa kuijua historia ya jirani: kwa sababu huenda akatumwa kwenda kuikabili akiwa na bunduki mkononi.

Tuelekee kaskazini, Uganda. Huko Waingereza hawakupanga jeshi tu. Walipanga pia nani alime na nani abebe bunduki. Kusini, katika Buganda na Busoga, palikuwa na pamba, halafu kahawa, na shule za misheni. Kaskazini, Acholi, Lango na Nile Magharibi, pakafanywa chemchemi ya vibarua na askari. Wakubwa wa Keya walikuwa na nadharia yao kwamba makabila mengine ni ya vita kwa damu. Kumbe damu haikuhusika. Mwenye shamba la kahawa haendi kupiga gwaride kwa mshahara mdogo. Asiyekuwa na zao la kuuza, na mwenye kodi ya kulipa, huenda. Umaskini uliotengenezwa ukaitwa tabia ya kabila.

Basi uhuru ulipokuja mwaka 1962, utajiri na elimu vilikuwa upande mmoja wa nchi, na bunduki upande mwingine. Hata kama viongozi wangekuwa malaika, nchi iliyogawanywa hivyo ingekuwa na kazi ngumu. Tarehe 24 Mei, 1966, Milton Obote alipogombana na Kabaka, aliamuru jeshi liishambulie ikulu ya Mengo. Aliyeongoza shambulio hilo alikuwa Idi Amin, mtu aliyeingia Keya mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi, akapandishwa cheo kwa ajili ya ngumi na utii, si kwa ajili ya elimu. Siku ile jeshi lilijifunza kwamba mgogoro wa siasa huamuliwa na mwenye silaha. Somo hilo halikusahaulika. Tarehe 25 Januari, 1971, Amin alimpindua Obote mwenyewe, na katika miezi iliyofuata askari wa Kiacholi na wa Kilango waliuawa ndani ya kambi zao na askari wenzao.

Lugha yetu nayo ilipata jeraha. Kiswahili kiliingia Uganda kikiwa lugha ya Keya na ya polisi. Mkulima wa Buganda alikisikia kwanza kinywani mwa mtu aliyemwamuru asimame, afungue mlango, atoe kitu. Amin alipokifanya lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, askari wake walikitumia vizuizini wakati wa kunyang'anya, na chuki ikazidi. Lugha ambayo kwetu ilikuwa ya sokoni, ya shuleni na ya mkutano wa hadhara, kule ikawa lugha ya kuogopwa. Uganda iliweka Kiswahili katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule. Lakini wazee wengi bado huyasikia ndani yake maneno ya kizuizini. Askari anayeazimwa kwenda nchi za watu na akumbuke kwamba neno huchukua harufu ya mkono unaolitumia.

Hali kadhalika mpaka. Tarehe 1 Julai, 1890, Waingereza na Wajerumani walitiliana sahihi huko Ulaya, wakauchora mpaka kufuata latitudo ya nyuzi 1 kusini, bila kumwuliza Mhaya wala Mganda. Mto Kagera ulikuwa unapita kusini ya mstari huo, ukipinda, na hivyo kipande cha nchi kikabaki ng'ambo ya mto, lakini ndani ya eneo ambalo hivi sasa ni Tanzania. Mwisho wa mwezi Oktoba, 1978, Amin, akiwa na jeshi lililokuwa likiasi ndani kwa ndani, alikivamia kipande hicho. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba amekitwaa, na kwamba mpaka wa haki ni mto. Daraja la Kyaka likavunjwa, watu wa Kagera wakauawa na ng'ombe wao wakaswagwa.

Kuna waliouliza wakati ule: kwa nini Waafrika wamwage damu kuulinda mstari uliochorwa na mabeberu? Jibu lilikuwa limetolewa Cairo mwezi Julai, 1964, ambako wakuu wa nchi huru za Afrika, kwa hoja iliyotolewa na Tanganyika na Zanzibar zilizokuwa zimekwisha kuungana, walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Hawakufanya hivyo kwa kuipenda. Walijua kwamba mipaka ile yote ina kosa, na kwamba ukiurekebisha mmoja kwa mabavu umeifungua yote. Hapo tunaona namna moja ya kuushika urithi mbaya: kuukubali kwa macho wazi, kwa mapatano, ili usizae ubaya mkubwa zaidi. Tarehe 11 Aprili, 1979, Kampala ilikombolewa, na mpaka ukabaki pale pale.

Sasa turudi nyuma kidogo, mwezi Januari, 1964, kwa sababu mwezi huo historia ilifanya kama kutupa mtihani mmoja kwa nchi tatu. Tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na wa Tabora wakafuata. Tarehe 23 wakaasi wa Jinja, Uganda. Tarehe 24 wakaasi wa Lanet, Kenya. Majeshi hayo yote yalikuwa watoto wa Keya. Malalamiko yalikuwa mamoja: mishahara midogo, na maofisa wa Kiingereza waliokuwa bado wakiamuru. Kamanda wa jeshi la Tanganyika, miaka miwili baada ya Uhuru, alikuwa Brigedia wa Kiingereza. Na serikali zote tatu zililazimika kuwaita askari wa Kiingereza kuja kuyazima maasi hayo. Jambo ambalo Mwalimu Nyerere hakulificha kwamba lilikuwa aibu.

Mtihani ulikuwa mmoja, majibu yakawa mbalimbali. Uganda iliwapandishia askari mishahara baada ya kumzuia waziri kambini, na jeshi lenyewe likaachwa na umbile lake, likakuzwa upesi. Vyeo vikampanda Amin. Kenya iliwafikisha wakosaji mbele ya mahakama ya kijeshi, ikatiliana mapatano na Uingereza, na kuendelea na jeshi lililokuwapo. Nchi hiyo imekuwa na utawala wa kiraia siku zote, ingawa tarehe 1 Agosti, 1982, askari wa anga walijaribu kupindua, na jeshi lote la anga likavunjwa na kuundwa upya. Tanganyika ililivunja jeshi lake lote. Askari wa Nigeria wakaja kushika ulinzi kwa muda, na tarehe 1 Septemba, 1964, likaanzishwa Jeshi la Wananchi, ambalo wengi wa vijana wake walitoka Jeshi la Kujenga Taifa na Umoja wa Vijana wa TANU, kutoka pembe zote za nchi.

Kambi ile ya Colito ilikuwa na jina la mahali Ethiopia, ambako Keya walipigana na Wataliano kwa ajili ya Waingereza mwaka 1941. Ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo jeshi la Mkwawa lilikishinda kikosi cha Wajerumani tarehe 17 Agosti, 1891. Wapo wasemao kwamba jina ni jina tu. Lakini kijana anayeingia lango la Lugalo anaambiwa na bango lenyewe kwamba uzao wake haukuanzia kwa waliotumwa kuichoma nchi. Ulianzia kwa walioilinda.

Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Jeshi lile jipya lilifungwa na chama kimoja; mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Katiba ilibidi imtoe mwanajeshi katika uanachama wa chama chochote, kwa sababu jeshi la wananchi wote haliwezi kuwa la baadhi yao. Kazi ya kuigeuza shabaha haimalizwi na kizazi kimoja.

Burundi inatuonyesha ugumu wa kazi hiyo. Wabelgiji waliitawala kwa kuwapanga watu katika makundi, wakalikuza kundi moja na kulidharau lingine. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 jeshi likawa ngome ya maofisa wa Kitutsi. Marais watatu waliofuatana, Micombero, Bagaza na Buyoya, wote walikuwa wanajeshi na wote wa tarafa moja ya Rutovu. Mwaka 1972 jeshi liliua raia wa Kihutu ambao makadirio mengi huwataja kuwa zaidi ya laki moja, na waliookoka wakafika kwetu, wakaanzisha maisha mapya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Tarehe 21 Oktoba, 1993, rais wa kwanza aliyechaguliwa kwa kura za vyama vingi, Melchior Ndadaye, aliuawa na askari waliopaswa kumlinda, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa.

Mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti, 2000, ambayo Mwalimu Nyerere aliyasimamia hadi alipofariki na Mandela akayakamilisha, yalilishika tatizo kwenye mzizi: yaliagiza kwamba kundi lolote lisizidi nusu ya jeshi. Hesabu hiyo ilileta nafuu kubwa. Lakini mwaka 2015 nchi ilitikisika tena kwa ugomvi wa madaraka, jaribio la mapinduzi likashindwa, na wakimbizi wakamiminika Kigoma. Kuwachanganya askari ni hatua ya lazima; haitoshi kama wakubwa wa siasa bado wanalitazama jeshi kuwa ufunguo wa ikulu.

Polisi wasidhani kwamba habari hizi ni za jeshi peke yake. Polisi wa makoloni ya Kiingereza hawakuigwa kwa polisi wa London, asiyebeba bunduki na anayekaa mtaani na jirani zake. Waliigwa kwa polisi waliowekwa na Waingereza Ireland kuwatawala Wairishi: wenye bunduki, wakiishi kotani, mbali na watu. Tarehe 3 Machi, 1959, hali ya hatari ilipotangazwa Nyasaland, polisi na askari waliua Waafrika katika siku za machafuko hayo, jumla yao wakawa 51. Tume ya Jaji Devlin, Mwingereza aliyeteuliwa na Waingereza wenyewe, ilikiri kwamba nchi ile ilikuwa imegeuka, japo kwa muda, kuwa dola ya polisi. Dakta Banda, aliyetiwa kizuizini siku hiyo, alipopata madaraka hakuzivunja sheria za kizuizini. Alizitumia kwa miaka karibu 30, akaongeza vijana wenye silaha waliomtii yeye.

Lakini ni Malawi hiyo hiyo inayotupa tumaini. Jeshi lake ni mtoto wa kikosi cha kwanza cha Keya, kikosi kikongwe kuliko vyote. Mwezi Desemba, 1993, jeshi hilo liliwanyang'anya silaha vijana wale wa Banda, na halikukaa katika kiti cha utawala. Mwezi Mei, 1994, wananchi wakapiga kura. Na baada ya uchaguzi wa mwaka 2019, watu walipoandamana kwa miezi mingi wakidai kura zao, askari wa jeshi walitembea kando yao kuwalinda. Tarehe 3 Februari, 2020, majaji waliobatilisha uchaguzi huo walifikishwa mahakamani kwa ulinzi wa jeshi, wakiwa na fulana za kuzuia risasi. Tarehe 23 Juni kura zikapigwa upya, na serikali ikabadilika kwa amani. Jeshi lililozaliwa kulinda boma dhidi ya watu lilisimama kati ya watu na hatari. Historia iliwapa bunduki. Hawakukubali iwape na shabaha.

Ndugu askari, hilo ndilo neno letu. Historia ina nguvu, lakini haina amri. Leopold hakuwalazimisha maofisa wa Mobutu kuila mishahara ya askari wao. Waliichagua njia iliyokwisha kulimwa. Waingereza hawakumlazimisha Obote kupeleka mizinga Mengo; walimwachia chombo kilichozoea kazi hiyo. Kila kizazi hukuta njia iliyolimwa na wengine, nayo huteleza kirahisi mtu akiifuata bila kufikiri. Kuiacha kunahitaji kazi inayoonekana: askari alipwe haki yake kwa wakati, aajiriwe kutoka pande zote, afundishwe sheria kabla ya shabaha, na mkubwa wake amtume kulinda nchi, wala si kumlinda mtu.

Na hakuna nchi iliyochanjwa dhidi ya ugonjwa huu. Yetu pia haimo nje ya onyo hili. Siku raia anapomwona askari akija njiani, naye akabadilisha njia, siku hiyo Keya imerudi, hata kama sare ni yetu na wimbo wa gwaride ni wetu. Siku anapomwona na akamwita amsaidie, siku hiyo uhuru umefika mpaka barabarani. Kipimo hicho hakihitaji tume wala hesabu. Kila askari anaweza kukitumia kesho asubuhi, akiwa zamu, mbele ya mtu wa kwanza atakayekutana naye.